Deni la huduma ya usafi hotelini: mdaiwa ameshaleta utetezi, hukumu ya muhtasari bado inawezekana?

MhasibuNyali

Habari zenu. Kampuni ya usafi hapa Mombasa inaidai hoteli. Mkataba upo, umetiwa sahihi na pande zote mbili, ulianza Machi 2023: wafanyakazi 14 kila siku, KSh 400,000 kwa mwezi na VAT juu yake, ankara ilipwe ndani ya siku 30, ikichelewa riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Malalamiko kuhusu kazi yaletwe kwa maandishi ndani ya siku 7 baada ya hoteli kupokea ripoti ya mwezi. Kila mwisho wa mwezi msimamizi wao hutia sahihi na kugonga muhuri kwenye karatasi ya kuthibitisha kuwa kazi imefanyika.

Ankara 14 za mwanzo zililipwa. Kuanzia Mei hadi Desemba 2024 hakikulipwa kitu, mkataba ukakatishwa. Leja inaonyesha salio la KSh 3,824,000 bila riba, na ndicho kiasi tulichodai. Kesi iko Mahakama ya Hakimu Mombasa. Hoteli iliingia kesini (iliwasilisha hati ya kusema itajibu madai), na siku 6 zilizopita wakili wao ametuletea utetezi wa kurasa mbili. Wanakana deni lote, wanasema huduma "haikuwa ya kiwango", na wanasema mahakama haina mamlaka. Hawakutaja tarehe hata moja, wala mtu, wala kiasi.

Tunayo barua pepe ya meneja wao wa fedha ya Februari 2025. Anakiri ankara 7, za Mei hadi Novemba, jumla 3,248,000, na kusema zitalipwa kwa awamu. Ya Desemba anaipinga kwa sababu waliofika kazini walikuwa 9 badala ya 14.

Je, tunaweza kuomba hukumu ya muhtasari chini ya Agizo la 36 bila kusubiri mashahidi? Mtu mmoja ametuambia ndiyo, mwingine ametuambia mlango umefungwa.

---

WakiliPwani

Aliyekuambia umefungwa yuko sahihi, lakini kuna milango mingine miwili, na mmoja wao unakufaa kuliko huo unaoulizia.

Soma Agizo la 36 kanuni ya 1 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Linamruhusu mdai wa kiasi bainifu, yaani kinachojulikana bila kupimwa na hakimu, kwa riba au bila riba, kuomba hukumu pale ambapo mdaiwa ameingia kesini lakini hajawasilisha utetezi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaangusha wengi. Chini ya kanuni za zamani, Agizo la XXXV, ilitosha mdaiwa awe ameingia kesini tu. Ungeweza kuomba hata baada ya kupokea utetezi, ukaonyesha kwa kiapo kwamba utetezi huo ni wa kupoteza muda. Kesi zote maarufu zinazonakiliwa kwenye maombi, Zola dhidi ya Ralli Brothers ya 1969, Continental Butchery, Gupta dhidi ya Continental Builders, ziliamuliwa chini ya kanuni hizo za zamani. Misingi yake bado ni sheria nzuri: anayedai deni la wazi asicheleweshwe na mtu anayevuta muda, na mwenye hoja inayostahili kusikilizwa asinyimwe nafasi. Ila ukinakili kesi bila kuangalia kwamba maneno ya kanuni yalibadilika, wakili wa upande wa pili atalitupa nje ombi lako kwa aya moja.

Kwa kweli nafasi ya Agizo la 36 kwa madeni imebaki nyembamba sana. Mdaiwa akishaingia kesini ana siku 14 za kuwasilisha utetezi. Zikipita bila utetezi, Agizo la 10 kanuni ya 10 inakupa hukumu ya kukosa kujibu kwa ombi la kawaida la maandishi, bila kiapo wala kusikilizwa. Kwa hiyo ni nadra mtu kuhitaji Agizo la 36 kwa deni la fedha peke yake.

Milango uliyobaki nayo:

Wa kwanza ni Agizo la 2 kanuni ya 15, kuomba utetezi ufutwe. Wa pili ni Agizo la 13 kanuni ya 2, hukumu kwa kukiri. Huu wa pili unaweza kuutumia wakati wowote wa kesi, na kukiri kunaweza kuwa ndani ya nyaraka za kesi au kwingineko, ikiwemo barua. Hiyo barua pepe ya Februari ndiyo kesi yako. Anzia hapo.

Kuhusu kufuta utetezi, uwe mwangalifu na kijisehemu unachokitaja. Kanuni ya 15(1) ina (a) hadi (d). Ukisema utetezi hauonyeshi hoja yoyote ya maana, hiyo ni (a), na kanuni ndogo ya 2 inakataza ushahidi wowote. Mahakama itasoma utetezi wenyewe tu, na ankara zako hazitaonekana. Ukitaka kuweka ankara, karatasi zilizogongwa muhuri na barua pepe mbele ya hakimu, lazima ujenge ombi lako juu ya (b), (c) au (d): kwamba utetezi ni wa kipuuzi au wa kuudhi, unachelewesha usikilizwaji wa haki, au ni matumizi mabaya ya mahakama. Ombi linalotaja (a) peke yake kisha likaambatisha kiapo cha kurasa 60 limejikata miguu lenyewe.

Na kizingiti ni kirefu. D.T. Dobie dhidi ya Muchina, iliyoripotiwa 1982, bado inatawala: mahakama haifuti hati ya kesi isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba haina matumaini hata kwa kurekebishwa. Na hoja inayostahili kusikilizwa si lazima iwe hoja itakayoshinda. Patel dhidi ya East Africa Cargo Handling ya 1974 ilisema hivyo. Kwa ankara ya Desemba, watu 9 badala ya 14 ni hoja ya kweli. Usijaribu kuifuta.

---

BiHesabu

Kabla hamjaandika ombi lolote, rudini kwenye hesabu. Kuna tatizo ambalo hoteli ikiligundua kwanza itakuwa imepata utetezi iliokosa.

KSh 400,000 kwa mwezi, VAT asilimia 16 ni 64,000, ankara moja ni 464,000. Ankara 8 ni 3,712,000. Nyinyi mnadai 3,824,000. Tofauti ni 112,000. Gawanya kwa 14, ile idadi ya ankara zilizolipwa: 8,000 kamili. Na 8,000 ni asilimia 2 ya 400,000.

Hiyo ni VAT ya kuzuiliwa. Hoteli kubwa ikiwa imeteuliwa na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kuwa wakala wa kuzuia VAT, kila inapolipa ankara inakata asilimia 2 ya thamani kabla ya VAT na kuipeleka KRA kwa niaba yenu. Mlipokea 456,000 kila mwezi, mkaipachika kwenye ankara ya 464,000, na 8,000 ikabaki inaning'inia kwenye leja kama deni. Baada ya miezi 14 imekuwa 112,000 ambayo hoteli haidaiwi hata senti. Ingieni iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, mtoe vyeti vya kuzuiliwa kwa VAT vya kipindi hicho, mvipachike kwenye leja, salio litashuka lenyewe. Cheti kisipoonekana kwa mwezi fulani, hilo ni suala jingine, lakini nitashangaa mkikosa vyote 14.

Kwa nini linauma? Kwa sababu ombi la aina hii linasimama juu ya neno "bainifu". Deni ni bainifu pale kiasi kinapojulikana kwa mkataba au kwa hesabu ya kawaida tu, bila hakimu kupima kitu. Hesabu yako ikipingana na ankara zako mwenyewe, wakili wao hahitaji kuthibitisha kwamba mlifanya kazi vibaya. Atasema tu: mdai mwenyewe hajui anadai kiasi gani, basi mashahidi waitwe tukahesabu pamoja.

Angalieni pia kama malipo ya zamani yalikatwa kodi ya zuio ya mapato. Hapa hesabu inafunga vizuri kwa asilimia 2 peke yake, kwa hiyo inaonekana hapana, lakini hakikisheni.

Halafu tengenezeni jedwali moja la ukurasa mmoja, mistari minane tu, mmoja kwa kila ankara. Nambari ya ankara, tarehe, thamani, VAT, jumla, tarehe ambayo hoteli ilitia muhuri karatasi ya kazi, tarehe ya kulipwa (siku 30 baada ya ankara), miezi iliyochelewa, riba. Riba ya asilimia 1.5 kwa ankara moja ni 6,960 kwa mwezi. Iwe riba ya kawaida, msirundike riba juu ya riba isipokuwa mkataba umesema hivyo kwa maneno. Nambari za ankara kwenye jedwali zifanane herufi kwa herufi na zile za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

---

MhasibuNyali

Bi Hesabu, nimeingia iTax sasa hivi. Vyeti 13 vipo, cha Agosti 2023 hakionekani. Kwa hiyo ni kweli, 104,000 angalau si deni. Shukran sana.

Maswali matatu. Madai tayari yana 3,824,000, turekebishe vipi? Mkurugenzi anataka kuapa yeye, lakini aliyeshughulika na ankara na barua pepe ni mimi, nani aape? Na mkataba una kifungu cha 19 kinachosema migogoro iende kwa msuluhishi. Je, hilo "mahakama haina mamlaka" linatoka hapo?

---

KaraniWaSheria

Najibu la kurekebisha na la kiapo. La usuluhishi namwachia wakili.

Kurekebisha: mna bahati ya muda. Agizo la 8 kanuni ya 1 linakuruhusu kurekebisha hati ya madai mara moja bila ruhusa ya mahakama, mradi nyaraka za kesi hazijafungwa. Kwa Agizo la 2 kanuni ya 13, zinafungwa siku 14 baada ya kupewa utetezi kama hakuna jibu lililotolewa. Mmesema mlipewa utetezi siku 6 zilizopita. Mna siku 8. Zikipita, mtahitaji ombi la ruhusa, na ombi hilo litakula miezi. Hati iliyorekebishwa iandikwe "Hati ya Madai Iliyorekebishwa", maneno yaliyoondolewa yakatwe kwa mstari mwekundu yakibaki yanasomeka, yaliyoongezwa yapigiwe mstari mwekundu chini. Cheti cha Agosti msikipiganie ndani ya ombi hili. Ondoeni 112,000 yote. 8,000 haistahili kuchafua madai ya milioni tatu na zaidi.

Kiapo: mtu anayeapa awe anayeweza kuapa kwa uhakika juu ya ukweli wenyewe. Hayo ni matakwa ya Agizo la 36, lakini kwa Agizo la 13 pia hakimu ataangalia hivyo hivyo, na Agizo la 19 kanuni ya 3 linataka kiapo kibaki ndani ya mambo anayoyajua mwapaji mwenyewe. Mkurugenzi akiapa "nimearifiwa na mhasibu" mara kumi, amewapa hoja ya bure. Aape mhasibu. Ambatisheni barua ya kampuni yenye muhuri inayompa idhini ya kuapa kwa niaba yake. Msimwachie wakili aape juu ya deni: akiapa juu ya mambo yanayobishaniwa anakuwa shahidi katika kesi anayoiendesha mwenyewe, na aya hizo hufutwa.

Barua pepe ndiyo itakayopigwa vita zaidi, kwa hiyo iandaeni vizuri. Kuichapa na kuibandika hakutoshi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti: kinaeleza barua pepe ilitolewaje, kwenye kifaa gani, kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa kipindi hicho, na kinasainiwa na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho au shughuli hiyo. Ikiwa barua iko kwenye simu yako na kwenye kompyuta ya afisi, chapa kutoka sehemu moja tu na cheti kitaje sehemu hiyo hiyo. Chapeni mlolongo mzima, tangu barua yenu ya kudai hadi jibu lake, pamoja na vichwa vinavyoonyesha anwani ya mtumaji, mpokeaji, tarehe na saa. Msikate. Barua iliyokatwa juu na chini inaonekana kama inaficha kitu.

Viambatisho vyote viwekewe alama za mfululizo na vigongwe muhuri wa kamishna wa viapo; Kanuni za Viapo zinataka hivyo. Hitilafu ninayoiona kila mara ni kiapo chenye viambatisho A hadi H ambacho maandishi yake yanataja kiambatisho J. Nambari za kurasa ziwe za mfululizo kuanzia kiapo hadi kiambatisho cha mwisho, ili hakimu akiambiwa "ukurasa wa 34" afike hapo mara moja.

---

WakiliPwani

Nakubaliana na Karani kwa kila neno, hasa hilo la siku 8. Fanyeni hilo kwanza kabla ya yote.

Usuluhishi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinataka mdaiwa anayetegemea kifungu cha usuluhishi aombe kesi isimamishwe kabla au wakati uleule anapoingia kesini au anapoyatambua madai kwa namna nyingine, si baadaye. Kama hoteli iliingia kesini, ikanyamaza, kisha ikaandika utetezi wenye sentensi moja ya "mahakama haina mamlaka" bila ombi la kusimamisha, imeshajifungia. Nenda kwenye mfumo wa e-filing uangalie faili la kesi: kama hakuna ombi chini ya kifungu cha 6 lililowasilishwa pamoja na hati ya kuingia kesini, hoja hiyo imekufa, na mseme hivyo wazi ndani ya ombi lenu kwa tarehe mbili tu, ya kuingia kesini na ya utetezi. Kama ombi lipo, hadithi inabadilika kabisa na lazima lisikilizwe kwanza.

Sasa kukiri. Kesi ya msingi ni Choitram dhidi ya Nazari, ya 1984. Kukiri kuwe wazi, kusiwe na maana mbili, na kuonekane bila kulazimika kuchambua ushahidi. Kwa hiyo isome barua pepe kwa jicho la adui yako. Vitu vitatu.

Kwanza, ina maneno "bila kuathiri haki" au iliandikwa katikati ya mazungumzo ya kumaliza mgogoro? Kama ndiyo, kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi kinaizuia, na ombi lote linaanguka nayo. Kama iliandikwa kujibu barua ya kudai deni, bila mapatano yoyote mezani, uko salama. Ndiyo maana Karani anasema mlolongo wote uwekwe.

Pili, kukiri kuna sharti? "Tunakiri 3,248,000, tutalipa kuanzia Aprili" ni kukiri deni na kuomba muda. Muda hauondoi deni. "Tutalipa baada ya kukagua kazi" si kukiri.

Tatu, meneja wa fedha ana mamlaka? Watasema hakuidhinishwa na bodi. Tafuteni barua pepe zake za zamani alizothibitisha ankara zile 14 zilizolipwa. Akiwa ndiye aliyekuwa akithibitisha na malipo yakatoka kwa miezi 14, hoja ya mamlaka inakuwa dhaifu sana. Ambatisheni mbili au tatu tu, zitoshe kuonyesha mwenendo.

Ombi lenyewe, liombe kidogo. Hili nalisema kwa uzito. Hukumu ya kukiri ya KSh 3,248,000, deni lenyewe bila riba. Ankara ya Desemba, 464,000, iende kusikilizwa kwa kawaida. Agizo la 13 linasema wazi kwamba hukumu hiyo hutolewa bila kusubiri mambo mengine yaliyobaki kati ya wahusika, kwa hiyo kugawanya hakuwadhuru. Ombi linalodai yote 3,712,000 pamoja na riba linamlazimisha hakimu aangalie wafanyakazi 9 na 14, na akishaanza kuangalia hilo, atasema mambo yanabishaniwa na kulikataa lote.

Riba nayo barua pepe haikuitaja. Mkataba unaitaja, kwa hiyo haipotei. Ombeni mahakama iiache iamuliwe pamoja na ankara ya Desemba. Lakini kwa sehemu itakayotolewa hukumu, ombeni riba ya baada ya hukumu itajwe waziwazi ndani ya amri. Amri ikinyamaza, kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaihesabu kuwa asilimia 6 kwa mwaka. Mkataba wenu ni asilimia 18 kwa mwaka. Ni hasara ya kutoandika mstari mmoja.

Na kabla ya kuwasilisha ombi, waandikieni wakili wao barua ya Agizo la 2 kanuni ya 10, mkiomba maelezo mahususi: huduma ipi haikuwa ya kiwango, tarehe gani, eneo gani la hoteli, nani alilalamika, kwa maandishi yapi ndani ya siku 7 za mkataba. Wape siku 7. Wakijibu, mtajua wanasimamia wapi. Wasipojibu, barua hiyo inaingia kwenye kiapo, karibu na Agizo la 2 kanuni ya 11 linalosema kukana kwa jumla hakutoshi. Barua hii haizuii ile saa ya siku 14, kwa hiyo msiache marekebisho yakingojea jibu.

---

MfuatiliajiMadeni

Kwa nini mnazunguka hivi? Tumieni Sheria ya Ufilisi ya 2015. Notisi ya kisheria ya siku 21, deni ni zaidi ya KSh 100,000, wakishindwa kulipa mnaomba kampuni ifungwe. Hoteli italipa wiki ya pili.

---

WakiliPwani

Ndugu Mfuatiliaji, kwa deni linalopingwa hiyo ni hatari. Mahakama hazikubali ombi la kufunga kampuni litumike kukusanya deni lenye ubishi wa kweli, na wadai wanaojaribu huishia kuzuiliwa na kulipa gharama. Hapa tayari kuna kesi na kuna utetezi. Kwa zile 3,248,000 zilizokiriwa unaweza kujenga hoja, lakini utaanza vita ya pili mahali pengine wakati ya kwanza iko karibu kuisha. Baada ya hukumu kutoka na kutolipwa, hapo nakubaliana nawe kwamba notisi ina nguvu.

---

DarMadai

Kwa wasomaji wa Tanzania, msinakili haya moja kwa moja. Kwetu Amri ya XXXV ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ina orodha iliyofungwa: hati za fedha kama hundi na hati za ahadi, rehani, na madai mengine machache yaliyotajwa. Ankara ya huduma ya usafi peke yake haimo. Mtoa huduma anayefungua shauri chini ya Amri ya XXXV kwa sababu tu deni ni la wazi, shauri lake linakwama mlangoni.

Njia mbili zinabaki. Kama mteja alikupa hundi kwa ajili ya ankara hizo na ikarudi benki, dai juu ya hundi, si juu ya ankara. Hapo Amri ya XXXV inafunguka, na mdaiwa lazima aombe ruhusa ya kujitetea kabla ya kujitetea. Mkishasaini mkataba mpya, mwombe mteja anayechelewa atoe hati ya ahadi yenye tarehe kwa salio analolikiri. Karatasi hiyo moja inabadilisha aina ya shauri utakalofungua.

Ya pili ni kama ya wenzetu wa Mombasa: Amri ya XII kanuni ya 4, hukumu kwa kukiri. Misingi ni ileile. Riba ya baada ya hukumu lakini si sawa. Amri ya XX kanuni ya 21 inaweka asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine mlichokubaliana kwa maandishi kisichozidi asilimia 12. Asilimia 18 ya mkataba haitavuka hapo.

---

MhasibuNyali

Tumewasilisha madai yaliyorekebishwa jana, 3,712,000. Kwenye faili hakuna ombi la kifungu cha 6. Barua ya kuomba maelezo imekwenda leo. Saa chache baadaye wakili wao amepiga simu: wanapendekeza kulipa 3,248,000 kwa awamu sita sawa, na sisi tuondoe kesi. Mkurugenzi anapenda. Tukubali?

---

WakiliPwani

Awamu kubalini. Kuondoa kesi msikubali.

Mapatano yaandikwe, yasainiwe na mawakili wa pande zote mbili, yawasilishwe mahakamani yapitishwe kuwa amri. Yaseme hukumu imeingizwa kwa mdai kwa KSh 3,248,000. Yataje awamu sita na tarehe ya kila moja, na akaunti. Mbili za kwanza ziwe kubwa kuliko zinazofuata, kwa sababu uzoefu wa awamu sawa ni kwamba ya nne ndiyo inayochelewa. Kisha kifungu ambacho wakili wao atajaribu kukilegeza: awamu moja ikikosekana kwa siku 7, salio lote linadaiwa papo hapo, na mdai anaruhusiwa kukaza hukumu (kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama) bila notisi nyingine. Riba ianze kuhesabiwa upya kwenye salio hilo kwa kiwango mlichokubaliana, kikiandikwa kwa tarakimu.

Waandike pia kama watakata ile asilimia 2 wakati wa kulipa. Kama watakata, mapatano yaseme kwamba cheti cha KRA kinahesabiwa kuwa malipo ya kiasi hicho. Kama sivyo, baada ya awamu ya sita mtakuwa tena na 56,000 zinazoning'inia kwenye leja na pande mbili zinazobishana kama hukumu imelipwa au la.

Ankara ya Desemba na riba ya nyuma: ama ziingizwe kwenye mapatano kwa kiasi mtakachokubaliana, ama yaandikwe kwamba zimebaki zikisubiri kusikilizwa. Mkinyamaza juu yake, watasema mapatano yalimaliza kila kitu. Kwa Desemba mna nafasi ya kupatana bila kuumia: watu 9 kati ya 14 kwa mwezi mzima ni takriban asilimia 64 ya kazi, na kama karatasi ya muhuri ya Desemba inaonyesha 14 kwa baadhi ya siku, hesabu inapanda. Itoeni hiyo karatasi kabla ya kumpigia simu.

Hakikisheni pia mtu anayesaini kwa niaba ya hoteli ana azimio la bodi. Safari hii liombeni mapema, kwa maandishi, na liambatishwe.